AED katika kikosi cha zimamoto: namna ya kuitumia na kuitunza

Mara nyingi gari la zimamoto hufika kwa mtu aliyeanguka kabla ya gari la wagonjwa. Moyo ukisimama ghafla, kila dakika inayopita bila CPR (kubana kifua na kupuliza pumzi) wala mshtuko wa umeme hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Kwa hiyo AED ya kikosi, yaani mashine inayosoma umeme wa moyo na kutoa mshtuko, inatakiwa kuwa tayari muda wote, na askari wote wa zamu wajue kuitumia bila kusubiri mtaalamu. Mashine zenyewe hazifeli mara nyingi. Kinachofeli ni pedi zilizopitwa na muda, betri isiyofuatiliwa, na mikono inayokaa mbali na kifua kwa muda mrefu kupita kiasi.

Kazi ya mashine

AED haiwashi moyo uliozima kabisa. Kupitia pedi mbili inasoma umeme wa moyo na kutafuta hali mbili tu: ventrikali zinazotetemeka ovyo bila kusukuma damu, na ventrikali zinazokwenda mbio kiasi kwamba mshipa hauna mapigo. Mshtuko husimamisha vurugu hiyo ili moyo upate nafasi ya kuanza tena mpigo wake wa kawaida. Moyo ambao hauna umeme wowote hauna vurugu ya kusimamishwa, na hapo mashine husema mshtuko haushauriwi.

Sentensi hiyo husababisha makosa mengi. Haisemi mgonjwa amepona, wala haisemi amekufa. Inasema rudisha mikono kifuani sasa hivi. Kwa watu waliovuta moshi au waliozama majini utaisikia mara nyingi, kwa sababu mioyo yao imesimama kwa kukosa oksijeni. Hao wanahitaji kubanwa kifua na kupewa hewa ya kutosha, huku mashine ikiendelea kuchunguza kila baada ya dakika 2.

Mahali pa kuiweka kwenye gari

Iweke ndani ya kabini, pahali ambapo askari anaifikia bila kuhamisha kitu kingine, imefungwa kwa mkanda au kishikizo isirukeruke. Makabati ya nje karibu na pampu au bomba la moshi hayafai. Watengenezaji wengi hutaka mashine ihifadhiwe kati ya nyuzijoto 0 na 50 za Selsiasi, na gari lililofungwa juani hupita 50 kwa urahisi. Joto hukausha jeli ya pedi na kufupisha maisha ya betri; baridi kali hupunguza nguvu ya betri na kuifanya jeli ikatae kushika. Kama gari hulala nje, ishushe AED kituoni gari linapoegeshwa, lakini tu kama kuna utaratibu thabiti wa kuirudisha. Kikosi kisicho na utaratibu huo siku moja kitaondoka bila mashine.

Unaponunua, angalia alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji. IP55 ndiyo kiwango cha chini kinachofaa kazi ya zimamoto: tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji yanayorushwa.

Pamoja na mashine, ndani ya begi kuwe na seti 2 za pedi za watu wazima (moja imeunganishwa, moja ya akiba), seti 1 ya pedi za watoto au ufunguo wa watoto kama modeli inautumia, mkasi wa kukatia nguo, nyembe 2, taulo 2 ndogo zinazonyonya maji, glavu, na barakoa ya kupulizia pumzi. Mfuko wa kupumulishia na oksijeni vikae jirani. Taulo ni 2 kwa sababu ya kwanza hulowa mara moja kifua kinapokuwa na jasho au maji.

Ukaguzi wa kila zamu

Ufanyike mwanzoni mwa zamu, kabla gari halijatangazwa kuwa tayari. Hauchukui zaidi ya dakika 2.

1. Tazama alama ya hali. Kwa modeli nyingi ni taa ya kijani inayomulika au alama ya vema. Nyekundu, alama ya X, au mlio mfupi unaojirudia maana yake kuna hitilafu.
2. Soma tarehe ya mwisho ya seti zote za pedi, ya akiba pia. Pakiti iwe imefungwa, haina tundu wala mkunjo uliopasuka.
3. Hakikisha waya wa pedi umeingia vizuri kwenye tundu lake, kwa modeli zinazounganishwa mapema.
4. Kagua kasha: nyufa, maji, uchafu kwenye tundu la pedi, kifuniko cha betri kilicholegea.
5. Hesabu vifaa vya begi. Wembe na mkasi ndivyo vinavyopotea kuliko vyote.
6. Andika na kutia sahihi.

Mashine hujipima yenyewe kila siku au kila wiki kulingana na modeli, ikichunguza betri na saketi za ndani. Lakini si kila modeli inajua kuwa pedi zimepitwa na muda, na hakuna inayojua kuwa wembe haupo. Taa ya kijani peke yake si ukaguzi.

Acheni pia desturi ya kuwasha mashine kila asubuhi ili kuisikia ikiongea. Kila kuwasha kunakula chaji ya betri isiyochajiwa upya. Hali kadhalika kuchomoa betri na kuirudisha: kwa modeli nyingi, betri ikiingizwa mashine hufanya jaribio refu linalotumia nguvu nyingi.

Hatua za kuitumia

1. Hakikisha eneo ni salama. Umeme ukatwe kabla ya kumgusa aliyepigwa shoti. Mtoe mgonjwa kwenye dimbwi la maji, na umweke mbali na gesi au mvuke wa petroli, maana mshtuko unaweza kutoa cheche. Alale chali juu ya kitu kigumu. Kama yuko kitandani, mshushe sakafuni.

2. Mwite kwa sauti na umtikise mabega. Haitikii na hapumui kawaida: anza. Jihadhari na pumzi za kutweta, zile za nadra zenye mkoromo, ambapo mdomo hufunguka na kufumba kama wa samaki aliyetolewa majini. Huko si kupumua. Ni moyo uliosimama. Kama umefundishwa kupima mapigo shingoni, usizidishe sekunde 10.

3. Askari wa kwanza aanze kubana kifua mara moja, katikati, juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kifua. Kina kiwe sentimita 5 au zaidi kidogo, kisipite 6. Kasi mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kifua kiachwe kiinuke kikamilifu kabla ya kubana tena. Mara 30, kisha pumzi 2.

4. Askari wa pili aiweke AED karibu na kichwa, upande ulio mkabala na anayebana, na kuiwasha kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye baadhi ya modeli, kufungua kifuniko ndiko kuwasha. Akate nguo za kifuani. Sidiria inayozuia pedi ikatwe pia.

5. Abandike pedi mikono ya mwenzake ikiwa bado inabana. Moja chini ya mtulinga wa kulia, kando ya mfupa wa kifua. Nyingine ubavu wa kushoto, chini ya kwapa. Kosa linaloonekana kila mara ni hii ya pili: hubandikwa mbele mno, karibu na chuchu, na umeme ukapita juu ya moyo badala ya kupita ndani yake. Ipeleke ubavuni hasa. Kama titi limekaa njiani, linyanyue na ubandike chini yake.

6. Bandika kwa kuanzia ukingo mmoja ukielekea wa pili, ukisukuma hewa nje kwa kiganja, kisha pita kingo zote kwa vidole. Hewa iliyobaki chini ya pedi hupunguza umeme unaoingia na huunguza ngozi.

7. Mashine ikisema inachambua, hakuna anayemgusa mgonjwa. Anayebana aondoe mikono lakini abaki amepiga magoti pale pale.

8. Ikishauri mshtuko, anayeshika mashine aseme kwa sauti, "Kaeni mbali!", na atazame kutoka kichwani hadi miguuni kabla ya kubonyeza. Kama mwongozo wa modeli yenu unaruhusu kubana kifua inapojichaji, baneni mpaka chaji ijae. Mashine za kujiendesha zenyewe hazina kitufe cha kubonyeza. Huhesabu na kutoa mshtuko. Kila askari ajue gari lake limebeba aina ipi.

9. Mara baada ya mshtuko, rudini kifuani. Msipime mapigo, msisubiri aamke. Hata moyo uliorudi kwenye mpigo mzuri huwa dhaifu kwa dakika za mwanzo na unahitaji kusaidiwa. Kutoka mkono kuondoka kifuani hadi kurudi, lengo ni chini ya sekunde 10.

10. Baada ya dakika 2 mashine itachambua tena. Huo ndio wakati wa kubadilishana anayebana, hata kama anasema hajachoka. Kina hupungua kabla mwenyewe hajahisi uchovu.

Endeleeni mpaka mgonjwa apumue kawaida, au wahudumu wa juu wawapokee. Akianza kupumua mlazeni ubavu, pedi zibaki kifuani na mashine ibaki imewaka, kwa sababu moyo unaweza kusimama tena.

Mkiwa watatu, mpangilio ni pembetatu: mmoja kichwani na njia ya hewa, wawili kila mmoja upande wake, wakipokezana kubana na kushika mashine. Mkuu wa kikosi asimame nje ya pembetatu, ashike saa na kuandika.

Kifua kisichokubali pedi

Mashine ikirudiarudia "angalia pedi", fuata mpangilio huu: bonyeza kingo zote, hakikisha plagi imeingia hadi mwisho, kausha ngozi, nyoa nywele, kisha badilisha pedi. Nyoa sehemu ya pedi tu, kwa mikwaruzo ya haraka. Usianze kunyoa kila mwanaume mwenye nywele kifuani. Bandika kwanza na kubonyeza kwa nguvu, wembe uje ikiwa imekataa.

Maji na jasho havimzuii mgonjwa kupata mshtuko, ila umeme huweza kukimbia juu ya ngozi kutoka pedi hadi pedi, na jeli haishiki. Futa kifua chote, si chini ya pedi peke yake. Mvua si kizuizi kifua kikiwa kikavu. Sakafu ya chuma pia si kizuizi mradi pedi zisiguse chuma.

Bandiko la dawa litolewe kwa mkono wenye glavu na ngozi ifutwe. Kama kuna uvimbe mgumu chini ya ngozi karibu na mtulinga, hicho ni kifaa cha kurekebisha mapigo. Weka pedi angalau sentimita 8 kando yake. Mkufu usogezwe tu.

Oksijeni inahitaji nidhamu ya pekee, nasi watu wa moto tunaelewa sababu. Kabla ya mshtuko, barakoa inayotiririsha oksijeni iondolewe na kuwekwa mita 1 au zaidi kutoka kifuani. Cheche kwenye pedi isiyoshika vizuri, ndani ya hewa iliyojaa oksijeni, inaweza kuwasha nguo na nywele.

Redio za mkononi na simu zikae umbali wa kama mita 2 mashine inapochambua, na hakuna kuzungumza redioni sekunde hizo. Ndani ya gari linalokwenda, mtikisiko huivuruga mashine: simamisha gari, chambua, endelea.

Askari mwenzenu akiwa ndani ya koti la moto

Nchini Marekani, kifo cha ghafla cha moyo kimekuwa kwa miaka mingi chanzo kikuu cha vifo vya wazimamoto kazini. Kazi nzito, joto na kupungukiwa maji huubana moyo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kwenye tukio kubwa AED ishushwe na kuwekwa sehemu ya mapumziko, siyo kubaki ndani ya gari lililoegeshwa mbali.

Askari aliyeanguka ndani ya vazi kamili hafai kwa pedi wala kwa CPR nzuri: mtungi mgongoni humfanya ayumbe, na koti nene hula kina cha kubana. Mtoeni kwanza eneo la hatari. Kisha mmoja apige magoti kichwani, aondoe helmeti, barakoa na kitambaa cha kichwa. Wa pili alegeze mikanda ya mabega ya mtungi, afungue kiuno, kisha zipu na vishikizo vya koti hadi chini. Mikono ya mgonjwa inyooshwe juu ya kichwa. Aliye kichwani amshike chini ya makwapa na kumvuta kuelekea kwake, koti na mtungi vikibaki nyuma kwa pamoja. Askari wa tatu akiwapo, abane kifua kila nafasi inapopatikana. Msipoteze muda kulikata koti kwa mkasi, kwa sababu kitambaa chake kimetengenezwa kisichanike. Mkasi ni wa fulana iliyo ndani.

Kifua hapo kitakuwa kimelowa jasho na huenda kina masizi. Taulo ya kwanza ifute, ya pili ikaushe, ndipo pedi. Zoezi hili lifanywe kwa vazi halisi na mtungi halisi, kwa sababu vifungo vinavyofunguka kirahisi kituoni hukwama kwa glavu zilizolowa.

Watoto

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 8 au chini ya kilo 25, tumia pedi za watoto, au ufunguo wa watoto kwa modeli zinazoutumia. Hupunguza nguvu ya mshtuko, mara nyingi hadi jouli 50. Kifua kikiwa kidogo, pedi moja iwe katikati ya kifua na nyingine mgongoni kati ya mabega, zisigusane. Pedi za watoto zisipokuwapo, tumia za watu wazima. Bora hizo kuliko kutokufanya kitu. Kinyume chake hakifai: pedi za watoto kwa mtu mzima hutoa nguvu ndogo mno.

Bana theluthi moja ya kina cha kifua, yaani kama sentimita 5 kwa mtoto na 4 kwa mtoto mchanga. Waokoaji wakiwa wawili, mara 15 kwa pumzi 2. Hewa ina uzito mkubwa zaidi hapa, kwa sababu moyo wa mtoto kwa kawaida husimama baada ya pumzi kukatika.

Baada ya tukio

Pedi zisibanduliwe kwa mgonjwa anayekabidhiwa. Wapeni wanaopokea taarifa nne: saa mliyomkuta, saa ya mshtuko wa kwanza, idadi ya mishtuko, na kama mapigo yalirudi na lini.

Kumbukumbu ya tukio ipakuliwe kabla mashine haijarudi kazini, kwa kuwa modeli kadhaa hufuta tukio la zamani likija jipya. Hizo ni taarifa za mgonjwa: zisambazwe kwa daktari na kwa msimamizi wa mafunzo tu. Saa ya mashine ilinganishwe na ya chumba cha mawasiliano kila mwezi, vinginevyo muda wa kwenye ripoti hautalingana.

Safisha kasha kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni au spiriti ya asilimia 70, kilichokamuliwa. Usilichovye, usitumie asetoni, usipulizie dawa moja kwa moja kwenye tundu la pedi au spika. Fungua seti mpya ya pedi hata kama ya awali ilifunguliwa bila kutumika: pakiti ikishafunguka, jeli huanza kukauka. Angalia chaji ya betri, endesha jaribio ambalo mtengenezaji ameelekeza, jaza begi, andika.

Betri, pedi na daftari

Betri nyingi ni za lithiamu zisizochajiwa, na ndani ya mashine hudumu miaka 2 hadi 5 kulingana na modeli. Zina tarehe mbili zinazochanganywa: tarehe ya mwisho ya kuiingiza kwenye mashine, iliyochapwa na kiwanda, na tarehe mliyoiingiza, ambayo mnaiandika wenyewe kwa kalamu isiyofutika. Betri iliyokwisha izibwe ncha zake kwa utepe na ipelekwe kwenye ukusanyaji wa betri, isitupwe na takataka wala kuchomwa.

Pedi zina umri wa miaka 2 hadi 5. Agiza mpya miezi 3 kabla ya tarehe, maana kusubiri mzigo hula wiki nyingi. Jeli iliyokauka hugeuka ngumu kwenye kingo na hunyanyuka hata kwenye ngozi safi, lakini usifungue pakiti ili kuikagua. Amini tarehe na ukamilifu wa pakiti. Mkijikuta kwenye tukio na pedi zilizopita muda peke yake, zitumieni, kisha ripotini.

Kila mashine iwe na ukurasa wake: modeli, namba, gari, tarehe ya betri, tarehe za pedi zote, toleo la programu. Msimamizi awe mmoja na msaidizi mmoja, kwa majina. Toleo la programu lina umuhimu: kabla ya miongozo ya mwaka 2005 mashine zilitoa mishtuko hadi 3 mfululizo, na tangu hapo utaratibu ni mmoja, kisha dakika 2 za CPR. Mashine ya zamani inayotoa mitatu mfululizo ihuishwe au iondolewe.

Taa ikiwa nyekundu: badilisha betri, chomoa na urudishe plagi ya pedi, jaribu seti nyingine. Ikibaki nyekundu, ifungwe lebo ya "HAIFANYI KAZI", itolewe garini, na mbadala upatikane zamu hiyo hiyo. Hakuna fundi wa kituo anayefungua kasha: kapasita ya ndani hubeba volti zaidi ya elfu moja.

Mazoezi

Kila baada ya miezi 3, dakika 30 zinatosha, zikifanywa kwa kelele za pampu na ndani ya nafasi finyu. Weka hitilafu kwa makusudi: plagi iliyochomoka, kifua kilicholowa, pedi ya akiba iliyopita tarehe. Pima kwa saa sekunde ambazo mikono haiko kifuani, na uwaambie askari namba hiyo.

Pedi za mazoezi hufanana sana na za kazi lakini hazipitishi mshtuko. Zikae kwenye sanduku lake lenye neno MAZOEZI kwa herufi kubwa, na zihesabiwe kabla na baada ya zoezi. Kisha fungua begi la mashine halisi, soma maandishi ya pakiti ya pedi iliyounganishwa, na ndipo gari litangazwe kuwa tayari.